Binti anapiga tromboni, anataka bendi ya jazi haiskuli. Waliopitia naomba ushauri

mama_wa_Kent

Habari za humu wadau, wakubwa zangu shikamooni. Niko Washington, kusini mwa Seattle, naomba ushauri kwa waliolea watoto haiskuli za huku Marekani hasa kama mtoto aliingia mambo ya bendi.

Binti yangu yuko darasa la nane, mwezi wa tisa anaanza haiskuli. Tromboni alianza darasa la sita kwasababu ndo ilikuwa imebaki kwenye stoo ya shule, wenzake walishakimbilia filimbi na saksafoni, mi nikasema hii itakaa mwezi tu atairudisha, wapi! Sasa mwalimu wake kamwambia akafanye usaili wa bendi ya jazi ya haiskuli anayokwenda na tangu aambiwe hivyo nyumba haikaliki. Anakula anasikiliza, anaosha vyombo anasikiliza, tukiwa kwenye gari mkono wake wa kulia unaenda mbele unarudi nyuma hewani anatafuta zile nafasi za bomba, mpaka mdogo wake kiti cha nyuma anamwiga.

Mi napenda jinsi anavyopenda, ila kuna mambo yananitatiza kweli. Kwanza muda. Bendi ya jazi wanafanya mazoezi kabla ya vipindi, saa moja asubuhi mtoto awe ameshakaa na chombo mkononi, na basi la shule saa hizo halijafika hata mtaani kwetu. Mi nafanya shifti ya usiku nyumba ya wazee, saa moja ndo kwanza nakabidhi, baba yao saa kumi na moja alfajiri ameshaondoka. Alafu wameandika ukiwa bendi ya jazi lazima uwe pia kwenye bendi kubwa ya kawaida, sasa hapo muziki mara mbili kwa siku, hesabu na sayansi zitakaa wapi?

Na chombo. Anayotumia sasa hivi ni mali ya shule anayotoka, mwezi wa sita inarudi. Duka moja nimeenda wananiambia kwa haiskuli lazima ninunue kubwa, ile yenye bomba la ziada nyuma na kitufe cha kidole gumba, bei yake inapita kodi yetu ya nyumba.

Baba yake anasema jazi ni muziki wa baa, hatukutoka Tabora kuja huku mtoto aje apulize bomba. Na mwenyewe binti ni mpole mno. Nikiangalia video za hizi bendi safu ya tromboni naona wavulana watupu, na kila wimbo lazima mtu asimame peke yake apige vya kwake bila karatasi. Wangu hata kuagiza chakula dirishani ananiachia mimi.

Usaili mwezi wa tano. Naomba mnisaidie mawazo.

tarumbeta_la_Machame

Mama hongera sana, na tafadhali usinunue kitu chochote kwanza.

Mi niko Minnesota, nimekulia kwenye matarumbeta ya KKKT kule Machame, baba yangu alikuwa anapiga tuba kanisani, harusi zote na misiba yote tulikuwa tunabebana, na wanangu wote wawili wamepita bendi ya jazi haiskuli hapa, mmoja tarumbeta mwingine tromboni kama huyo wako. Kwahiyo haya naongea nayajua.

Hilo bomba la ziada lina kazi yake, kwenye bendi ya kawaida linamsaidia noti za chini asinyooshe mkono mpaka mwisho. Lakini kwenye jazi wapigaji wengi wanapenda tromboni nyembamba ya kawaida isiyo na kitufe, sauti yake inakata vizuri katikati ya matarumbeta. Yamaha YSL-354 imelea watoto wengi sana na unaipata ya mkononi kwa bei ya kibinadamu, na King 3B ambayo wakubwa wengi wa jazi wanaipenda ni nyembamba pia na huwa haina kitufe. Kwahiyo huyo wa dukani alitaka tu kukuuzia haraka. Shule nyingi za haiskuli zina vyombo vya kuazima, hasa vile vikubwa na vya bei, baritoni, besi, tromboni ya besi. Mwandikie imeili mwalimu wa bendi wa hiyo haiskuli wiki hii hii, usisubiri mwezi wa tisa, mwambie mtoto anatoka na chombo cha shule hana chake anaomba cha kuazima. Andika wazi bila aibu, hizo imeili wanazipokea kila mwaka.

Ukija kununua ya mtumba, fanya hivi: ishike wima, fungua kile kikufuli, acha bomba la nje lishuke lenyewe huku mkono wako uko chini unalipokea. Likishuka laini mpaka chini, sawa. Likikwama njiani au likikwaruza, rudisha hata kama linang'aa kama jipya, maana kunyoosha bomba lililopinda ni gharama na mtoto atapigana nalo miaka yote.

Alafu kitu ambacho pengine hamjui, tromboni ni bahati. Bendi kubwa ya jazi ina saksafoni 5, tarumbeta 4 au 5, tromboni 4, halafu piano, gitaa, besi na dramu. Kwenye saksafoni watoto wanakanyagana kugombea viti 5. Tromboni mwalimu anatafuta mpaka anachoka. Mtoto wa darasa la tisa anayefika kwa wakati, anasoma noti na hataki kuacha, huyo ana nafasi nzuri sana.

Usaili wenyewe kwa kawaida ni skeli kadhaa, yaani noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio, kipande kimoja mnachopewa mapema akakifanyie mazoezi, na karatasi asiyowahi kuiona asome hapohapo. Shule nyingine wanaongeza blues ya vipimo 12, ule mzunguko mfupi unaojirudia, mtoto abuni kidogo juu yake. Kile kipande ndo watu wanafelia, wanapiga noti zote sawa lakini hazichezi. Kwenye swing, ule mdundo wa jazi wa kuyumba, noti mbili fupi zimeandikwa sawa kwenye karatasi ila hazipigwi sawa, ya kwanza inavutwa ya pili inaguswa, na mkazo mara nyingi unaangukia ile ya pili. Hilo halifundishiki kwa maneno, asikilize bendi ya zamani ya jazi ya Count Basie kila siku, aimbe kwa mdomo kwanza "duu-da duu-da" ndo ashike chombo. Wangu nilikuwa namsikia bafuni.

bari_wa_Houston

Shikamoo mama. Mi nimemaliza haiskuli juzi juzi tu hapa Houston, nilikuwa napiga saksafoni ya baritoni, wazazi wangu wa Mwanza. Nataka nijibu hiyo ya upole maana mi nilikuwa hivohivo, darasani siinui mkono.

Mama watu wanaona solo kwenye video wanadhani ndo bendi yenyewe, hapana, muda mwingi kabisa bendi ni safu. Tromboni 4 zimekaa pamoja, zinavuta pumzi pamoja, zinakata noti pamoja, na yule wa kwanza akisogeza noti kidogo nyuma wote mnasogea naye bila mtu kusema neno. Mtoto mpole anapata nyumba pale. Hakuna anayemwangalia yeye, wanasikiliza safu, na kwa sababu yeye ni mpole mara nyingi anasikia kuliko wale wanaojionyesha. Mwalimu wetu alikuwa anatuzimia taa chumba chote tunapiga gizani ili tuache kutegemea macho, ukitoka hapo unamjua jirani yako kwa pumzi yake.

Solo inakuja baadae na haiji kwa kustukizwa. Unaanza na vipimo vichache, mwalimu anakwambia tumia noti 3 tu usitumie zaidi, piga, nyamaza, piga tena. Mi ya kwanza nilipiga noti moja nikaivuta, bendi nzima nyuma ikanijibu, nikasikia mgongo wote umesimama. Nikimaliza nakaa yule wa tarumbeta nyuma ananigonga bega na goti. Mama siwezi kueleza vizuri ila baada ya hapo nilianza kuinua mkono darasani, sio siku hiyo, ila nilianza.

Na kama anataka kujua watoto wa haiskuli wanaweza kufika wapi asikilize Kashmere Stage Band, ni ya hapahapa Houston, Kashmere High School, mtaa wa watu weusi wa kipato cha chini. Mwalimu wao Conrad Johnson wanamuita Prof, mwaka 1967 alimuona mwimbaji wa soul Otis Redding jukwaani akarudi akasema hawa watoto wangu watapiga hivi, wakaweka funk, ule muziki wa kucheza wenye mdundo mzito, ndani ya bendi ya jazi, wakawa wanashinda mashindano, wakarekodi santuri zao wenyewe, wakasafiri mpaka Ulaya na Japani, watoto wa haiskuli! Alistaafu 1978. Februari 2008 wale watoto wake wakiwa watu wazima wenye mvi walirudi wakavishika vyombo wengine walikuwa hawajavigusa miaka mingi, wakampigia shoo, na yeye akafariki siku chache baadae ana miaka 92. Mi nikisikiliza zile rekodi mpaka leo siamini ni umri wangu.

Baba_K_Atlanta

Mimi ni Mkenya, niko Georgia, na nitaongea tofauti kidogo, msinichukulie vibaya. Bendi ni kitu poa sana na kijana yangu ilimsaidia. Lakini hapa watu wanasema uzuri tu na huyu mama anafanya kazi usiku.

Pesa kwanza. Shule ya kijana yangu, jina sitasema, mwanzo wa mwaka walituambia ada ya bendi ni hii, tukalipa. Kufika mwezi wa pili kuna festival, hoteli, basi, shati jeusi, suruali nyeusi, viatu, na mwalimu wa pembeni kila wiki kwa sababu watoto wote wa viti vya mbele wako na mwalimu wa pembeni. Hakuna mtu alituambia kuna msamaha wa ada kwa familia ambazo hazijiwezi. Nilikuja kuusikia kwa mzazi mwingine kwa parking, tayari nimelipa yote. Kwa hivyo dada, uliza siku ya kwanza na uulize kwa maandishi: jumla ya mwaka mzima ni ngapi, na familia ambayo haiwezi inafanyaje. Usiulize ada peke yake, uliza jumla.

Usingizi pia. Mtoto wa miaka 14 kuamka saa kumi na moja kila siku, jioni ako na homuweki, na kama ni shule ambayo bendi ya kawaida ni ya kuandamana uwanjani, Ijumaa usiku zote za msimu wa futboli anarudi nyumbani usiku wa manane. Wangu alianza kusinzia kwa darasa la hesabu, maksi zikashuka muhula mmoja wote. Tulipomtoa kwa bendi ya juu akaenda bendi ya pili ya jazi, ile inafanya mazoezi mara mbili kwa wiki baada ya shule, mambo yakakaa sawa na aliendelea kupenda muziki. Shule nyingi kubwa ziko na bendi mbili au tatu za jazi. Kuanzia ya chini si aibu, mwaka wa kwanza ndiyo mahali pake.

bari_wa_Houston

Baba K nakubali kuhusu pesa kabisa, kwetu pia kulikuwa na watoto wazuri waliachia njiani kimya kimya na wote tulijua ni hela, iliniuma. Ila bendi ya pili mimi ningesema asijipunguze mwenyewe kabla ya usaili, apige wamweke wanapoona anafaa, akishapangwa ndo muangalie ratiba.

Zuu_Tacoma

Mama wa Kent tuko jirani! Mi binti yangu anapiga besi, ile kubwa ya kusimama, ya shule siyo yetu. Naomba nijibu mambo ya Washington tu maana mengine wameshamaliza.

Usafiri: tangu Septemba 2022 watoto wote wa miaka 18 kushuka chini wanapanda bure mabasi ya Metro na treni za Sound Transit, mchukulie kadi ya ORCA ya vijana. Angalia kama kuna basi la Metro linalopita karibu na shule kabla ya saa moja. Kama hakuna au giza linakutisha, na kweli mwezi wa kumi na mbili saa hizo ni giza totoro, kamati ya wazazi wa bendi ndo pa kwenda. Usiwaogope. Mi nilisimama mkutano wa kwanza nikasema natoka kazini alfajiri, nahitaji mtu wa kumpitia mtoto, siwezi kuchangia hela ila naweza kupika. Kabla mkutano haujaisha mama mmoja alishanipa namba. Tamasha la mwisho wa mwaka napeleka sambusa na mandazi trei kubwa, basi sasa wananijua kuliko wanaochangia mahela.

Masomo: Washington wanadai krediti 2 za sanaa ili mtoto amalize haiskuli, bendi inaingia humo, kwahiyo siyo muda unaopotea wote. Ila ni kweli ukiweka bendi zote mbili miaka yote minne kuna kitu kitakosa nafasi kwenye ratiba. Kaeni na mshauri wa shule mapema mchore miaka minne yote kwenye karatasi moja, hesabu na sayansi ziandikwe kwanza.

mzee_wa_santuri

Nimesoma kimya, hiyo ya baba imenigusa nikaona niandike. Mwanangu, mimi ni mzee, niko Chicago miaka mingi, nakusanya santuri. Mpe mzee mwenzangu wa Tabora salamu, mtu wa mji uliotoa bendi ya Tabora Jazz namheshimu kabla sijamuona.

Mwambie jazi imepigwa baa ndiyo, lakini sehemu kubwa ya waliopiga walifundishwa shule, na walimu wenyewe walikuwa wakali kuliko wa hesabu. Hapa kwetu upande wa kusini wa Chicago kuna DuSable High School. Kuanzia 1935 mpaka 1962 bendi pale ilikuwa ya mtu mmoja, Kapteni Walter Dyett. Mikononi mwake wamepita wanamuziki wakubwa kama Nat King Cole, Gene Ammons, Johnny Griffin, Von Freeman, na ni shule ya kawaida ya serikali, watoto wa watu waliohama kusini kukimbia ubaguzi kuja kufanya kazi viwandani na machinjioni. Hela ya muziki ilikuwa haitoshi basi kila mwaka anaandaa onyesho kubwa na wanafunzi wake, watu wa mtaa wanalipa kiingilio, hela inarudi kwenye muziki wa shule. Los Angeles kulikuwa na Samuel Browne pale Jefferson High, yeye kamtoa mpiga saksafoni Dexter Gordon. Indianapolis kulikuwa na Crispus Attucks, shule iliyofunguliwa 1927 kuwatenga watoto weusi, ndimo alimosoma J.J. Johnson, na mpiga tromboni yeyote wa jazi wa leo ukimuuliza atakutajia jina hilo. Hao wazazi nao walihama mbali wakitaka watoto wasome. Walisoma.

Na huko kwenu Seattle ndo msiseme. Garfield High School kasoma Quincy Jones, mtunzi na prodyuza maarufu. Clarence Acox alifika pale 1971 kutoka Louisiana akafundisha bendi mpaka 2019. Kuna mashindano ya Essentially Ellington, yanaendeshwa na taasisi ya Jazz at Lincoln Center ya New York chini ya mpiga tarumbeta Wynton Marsalis tangu katikati ya miaka ya 90, ndo makubwa kuliko yote kwa haiskuli. Wanatuma bure kwa mashule karatasi za muziki wa Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi ya jazi, zilizonakiliwa kutoka kwenye rekodi zake, bendi zinajirekodi, zinazochaguliwa zinaitwa New York mwezi wa tano. Garfield imeyashinda 2003, 2004, 2009 na 2010, Roosevelt nayo ya hapohapo Seattle imeyashinda 2002, 2007 na 2008. Mji mmoja! Kwahiyo mtoto wenu yuko jirani na mahali ambapo bendi ya haiskuli ni jambo la heshima, watu wazima wanalipa kiingilio kwenda kuwasikia.

Sasa kuhusu usichana wake. Mtafutieni Melba Liston. Amezaliwa Kansas City 1926, tromboni kaichagua akiwa mtoto mdogo mkono haufiki mwisho wa bomba, kakulia Los Angeles, kijana bado akaingia bendi ya Gerald Wilson, 1956 yumo kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie iliyotumwa na serikali ya Marekani nchi za nje. Alikuwa anapiga na alikuwa anaandika, na kuandika ndiko alikowapita wengi. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alitaka kutoa santuri kubwa ya kusherehekea nchi za Afrika kupata uhuru, muziki wa bendi nzima ule akampa Melba aupange. Santuri inaitwa Uhuru Afrika. Weka sindano, kabla ya bendi haijaingia, kuna mtu anaongea. Anaongea Kiswahili. Ni shairi la Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, na anayelisema ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapata uhuru wake. Makaburu kule Afrika Kusini waliipiga marufuku. Sehemu ya mwisho inaitwa Kucheza Blues.

Mimi naomba baba aisikilize hiyo pamoja na binti yake, wawili tu, sauti ikiwa juu. Asiambiwe chochote kabla.

tarumbeta_la_Machame

Mzee shikamoo. Hiyo ya Sanga nilikuwa siijui, nimeenda kuitafuta usiku huu huu, nimeisikiliza mpaka mwisho alafu nikairudia.

Baba_K_Atlanta

Hata mimi. Kijana yangu ako chuo sasa, nimemtumia.

mama_wa_Kent

Jamani sijui niwashukuru vipi, nilikuwa nasoma majibu yenu kwenye chumba cha mapumziko kazini. Mzee wangu shikamoo, Mungu akuweke.

Ngoja niwape mrejesho. Imeili nimeandika, mwalimu kajibu siku hiyohiyo, kasema stoo ana tromboni mbili nyembamba, moja atamwekea kama akipita na hata asipopita atampa ya bendi ya kawaida. Nimeuliza jumla ya mwaka kama Baba K alivyosema, kanitumia karatasi nzima na fomu ya msamaha wa ada ilikuwa ukurasa wa mwisho kabisa, ningesoma ukurasa wa kwanza tu nisingeiona. Zuu nimekuandikia kule pembeni. Bendi zao ni mbili, ya juu ndo ya asubuhi, ya pili inafanya jioni na basi la wanamichezo linawarudisha watoto, kwahiyo kwa kweli nikiambiwa ya pili nitashukuru Mungu, yeye mwenyewe anaitaka ya juu, tutaona atakapopangwa.

Baba yake nilimwekea ile santuri Jumapili baada ya kanisa. Kiswahili kilipoanza aliacha kula. Akauliza huyu nani, binti akamsomea jina, baba akasema Sanga huyo ni mtu wa Nyanda za Juu Kusini huko, ikawa habari nyingine kabisa, kaanza kumsimulia mtoto Tabora enzi za baba yake, mambo ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyasikia na ndoa yetu ni ya siku nyingi. Hajasema ndiyo. Ila jana nimekuta amesogeza makochi upande mmoja sebuleni ili mtoto apate nafasi ya kunyoosha mkono, kabla ya hapo bomba lilikuwa linagonga kabati.

Swali moja limebaki na naona haya kuliuliza. Mwalimu kamtumia vitu vya kununua, kimoja ni ile mpira ya kuzibulia choo. Nimeangalia mara mbili tatu, binti anasema ndiyo mama ni hiyohiyo. Ni kweli au wamekosea kuandika?

tarumbeta_la_Machame

Ni hiyohiyo mama, wala usione haya, kila mzazi wa tromboni kaliuliza. Unanunua mpya duka la vifaa vya ujenzi, unatoa mti wake, inabaki bakuli la mpira peke yake. Anashika kwa mkono wa kushoto mbele ya ule mdomo mpana wa chombo sauti inakotokea, anafunga na kufungua, sauti inalia "wa-wa" kama mtu anaongea. Duke Ellington alikuwa na mtu wake wa kazi hiyo anaitwa Joe Nanton, walimpa jina la Tricky Sam, kuanzia 1926 mpaka anafariki 1946 alikaa kwenye bendi ile, na muziki mwingi wa Ellington ambao hizi shule zinapiga una sehemu aliyopuliza yeye. Asikilize huyo kwanza ajue sauti anayoitafuta.

Kuna vidogo vya sinki, hivyo ni vya watu wa tarumbeta, tromboni anahitaji saizi ya choo. Chukua ile ya bakuli la kawaida, siyo yenye shingo inayochomoza chini, hiyo haikai. Mpira uwe laini, minya dukani hapohapo. Mkono huohuo wa kushoto ndo unabeba chombo kwahiyo wiki za mwanzo utauma, afanye kidogo kidogo, dakika chache tu kila siku. Na aandike jina lake ndani kwa maka peni nene, stoo ya bendi ziko nyingi na zote zinafanana.